Kofia Kumi na Moja ku Ukuta wa Mujane

Jabe, Bujumbura, Juni 1969

Kwa Bwana Shefu wa Kartiye ya Jabe, Népomuscène

Bwana Shefu,

Nakusalimu kwa heshima yote ya cheo chako, hata kama hicho cheo kimekukuta nimeshakuogesha mara nyingi mu beseni yangu. Mi sikusoma sana. Nilifika mwaka wa pili kwa masista, nikaacha, kwa sababu walitaka kunifundisha kufuma vitambaa na mi nilikuwa nafuma kuwapita. Kwa hiyo usitafute makosa ya kuandika humu. Tafuta makosa ya watu ninaowataja.

Lalamiko langu ni la kofia.

Mupangaji wangu Birindwa, yule mutu wa Bukavu mwenye kushona viatu pembeni ya soko, alikimbia vita ya kwao akaacha godoro, akaacha sufuria, akaja na gunia. Nilidhani ni maharage. Zilikuwa kofia za ngozi za mapiloti wa vita ya Hitler, zile zinazofunika kichwa mpaka ku shingo na kufungwa chini ya kidevu kama kofia ya mutoto mwenye homa. Zingine zina vikombe vya mupira ku masikio, walikuwa wanasikilizia redio. Moja ina maski ya kupumulia yenye bomba linaloning'inia kama mukonga wa tembo. Kuna za Wabeleji, za Waingereza, ya Mujerumani mumoja, na moja nzee kabisa ya vita iliyotangulia, ya piloti wa ile ndege iliyokuwa inatua juu ya maji ya Tanganyika kama bata. Wakati wa vita hiyo ya Hitler Birindwa alikuwa mupishi ku kiwanja cha ndege kule Kongo, hapo alipata za kwanza. Zingine alizikusanya wakati wa uhuru, wazungu walipofunga safari upesi wakaacha nyuma mbwa, piano na kofia. Watu wenye akili walichukua piano.

Akaniambia chumba ninachomupangisha kinavuja. Hakivuji. Mvua ya Jabe inaingia kwa pembeni, hilo ni jambo la Mungu. Akasema ngozi ikilowa inaota ukungu, akaniomba musumari mumoja mu salon yangu, pale wageni wanapokaa. Nikamupa. Sasa nina misumari kumi na mumoja, na malalamiko yangu ni haya:

1. Kofia za namna hii hazikunjwi, zinapasuka. Lazima zijazwe kitu ndani ili zishike umbo la kichwa. Birindwa amezijaza shimizi zangu za zamani. Mutu akiingia kwangu anakuta vichwa kumi na kimoja vinamutazama, na miwani ya piloti juu. Daphrose jirani yangu alikuja kuomba chumvi, akasalimia ukuta mzima, mumoja mumoja, kabla ya kunisalimia mi. Na harufu ya jasho la wazungu waliokufa haitoki kwa sabuni wala kwa ubani. Nimejaribu vyote.

2. We ni mutoto wa hapa, sina haja ya kukufundisha, lakini naandika ili usijifanye umesahau. Kofia ya mwanaume ikitundikwa mu nyumba ya mujane, watu hawaulizi tena, mwenye nyumba amepatikana. Ndiyo sababu siku ya kuondoa kilio cha marehemu bwana wangu Ildephonse, mudogo wake aliingia mbele ya watu wote akaitoa kofia ya marehemu ku musumari ulio karibu na mulango, akaondoka nayo. We ulikuwepo, ulikula nyama mara mbili. Tangu siku hiyo ule musumari uko wazi, na kila anayepita barabarani anauona na anajua Mwavita ni mujane wa kweli. Hata Birindwa, na ujinga wake wote, alipigilia misumari yake kumi na mumoja kuuzunguka, ule hakuugusa.

Basi akaja Scholastique, mukubwa wa kamati ya wamama wa parokia. Alikuja kwa mambo ya ubatizo. Hakukaa hata. Alisimama mulangoni, akahesabu kwa kidole, akageuka. Kabla maji yangu ya chai hayajachemka, ku robine, tunakochota maji, walikuwa wanasema Mwavita ameolewa na wanaume kumi na mumoja, na wote wazungu, na wote wamekufa, ndiyo maana hawagombani.

3. Hapa ndipo panaponichoma, soma polepole. Jumapili anabatizwa mutoto wa mujukuu wangu Béatrice. Mi ndiye mama wa ubatizo. Nilimukata kitovu, nguo nyeupe nimeshona mwenyewe. Sasa kamati imekaa, imesema mama wa ubatizo lazima awe na nyumba yenye mpango, na nyumba ya kofia kumi na moja haina mpango. Na nani atamushika mutoto mahali pangu? Scholastique. Nilikwenda kwa Padri. Padri alisema yeye haingilii mambo ya kofia.

4. Kwa kuwa kamati inataka kuhesabu, na mi nimehesabu. Nilimuuliza katekista Astère: bwana akikufa, ndoa inaendelea? Akajibu apana, kifo kinaikata, mwanamuke anabaki mujane. Vizuri. Kama kila kofia ni bwana, na wenye kofia wamekufa, basi mi ni mujane mara kumi na moja, na Ildephonse ni wa kumi na mbili. Hakuna mwanamuke mu parokia hii mwenye ujane mwingi kunipita. Scholastique amezika mumoja tu, na yule hata alikuwa mufupi. Kwa haki, kiti cha kamati ni changu, na yeye ndiye anayetakiwa kuniomba ruhusa ya kushika mutoto.

Na serikali haiwezi kukaa kimya. Mujane wa mapiloti wote hawa hawezi kusimama nyuma ya kamba siku ya uhuru, tarehe moja Julai, akitazama migongo ya watu. Naomba kiti mu tribune, kule wakubwa wanakokaa, chenye mugongo, apana benchi. Naomba pia ndege ipite juu ya Jabe kunisalimia, na ipite chini, polepole, nione kama anayeiendesha amevaa kofia. Tena uwaandikie Umoja wa Mataifa. Mujerumani na Waingereza waliokuwa wanapigana hewani leo wako ku ukuta mumoja, mi ndiye ninayewatenganisha, nimeweka picha ya Mama Maria katikati, na mpaka sasa hakuna aliyepiga risasi. Wao wana ofisi nzima na hawajaweza hivyo.

5. Hili nilisahau kuliweka mbele: Birindwa mwenyewe. Mutu huyo ukimukaripia hajibu. Unamukaripia asubuhi yote, anashika kitambaa, anapaka kofia mafuta kidogo kidogo ku mishono, halafu anaanza kukueleza. Huyu, anasema, alikula sahani mbili za maharage akaomba radhi kwamba amekula nyingi. Huyu alikuwa hali pilipili. Huyu mwenye kifungo cha shaba alilia ku meza, akasema ni moshi, na jikoni hapakuwa na moto. Nilimuuliza, na we unataka nini kwao, walikuwa ndugu zako? Alisema apana, mama, ila walikula mukononi mwangu wakapanda ndege, na wengine hawakurudi kula, na kofia zikitupwa hakuna atakayejua kwamba walipita. Hiyo apana sababu ya kuzijaza shimizi za mutu. Nilimwambia hivyo.

Halafu alitengeneza mulango wangu uliokuwa unakwaruza tangu kilio. Hakuna aliyemutuma. Sasa sina hata mulango wa kulalamikia.

Nilimwambia: kofia zitoke kabla ya Jumapili. Akanijibu kwa sauti ndogo kwamba zikitoka, naye anatoka nazo, kuna mutu wa kwao kule Gasenyi ana banda kavu. Nikamwambia aende. Akasema nimupe muda apate kamba ya kufunga gunia. Muda umepita, kamba hajapata, na hii Jabe yote inauza kamba.

Kwa hiyo, Bwana Shefu, naomba utume polisi. Watoe kofia, na Birindwa, na gunia, na maneno ya maharage, na waache shimizi zangu. Kama huna polisi, njoo mwenyewe, ukinawa miguu kwanza. Jumapili nataka ukuta wangu mweupe na mutoto wangu mukononi.

Nisalimie muke wako Médiatrice, umwambie ile supu ilihitaji kitunguu. Nisalimie mama yako. Nisalimie karani wako anayesinzia, na mulinzi wako anayemusaidia kusinzia, na wote wa nyumba yako, isipokuwa yule jogoo.

Mimi mwenye heshima zangu,
Mwavita, mujane wa Ildephonse, bwana mumoja tu

N.B. Usitume polisi. Abdu muuza makala, anayekuletea barua hii, alikuwa bado anamalizia chai yangu wakati Birindwa alipoingia. Nikamusomea yote, asije akasema nimeandika mugongoni mwake. Alitoa kofia moja moja, akazipanga mu gunia, akalifunga. Kamba alikuwa nayo mufukoni. Akavaa kofia yake mwenyewe, ile ya majani iliyoliwa na mbuzi upande mumoja, akaniaga.

Nikamwambia mutu hatoki kwangu bila kunywa chai, na chai yangu hainywewi na kofia kichwani. Akaivua. Akatafuta pa kuiweka. Gunia limefungwa, kiti kina Abdu, na ukuta mzima misumari mitupu, hakuthubutu hata mumoja. Nikamunyang'anya. Nikaitundika mi mwenyewe ku musumari wa Ildephonse, karibu na mulango, pale inapoonekana toka barabarani.

Halafu nikamwambia awarudishe wale vijana ukutani, watapata ukungu.

Padri umwambie Jumapili nitakuja na mutoto mukononi, na kamati ikitaka nyumba yenye mpango, atangaze na ndoa yetu misa hiyohiyo. We nitafutie misumari mizuri, ule wa Ildephonse unateleza kidogo. Scholastique anapita sasa hivi na ndoo yake, amesimama, ameanza kuhesabu. Umwambie ahesabu ile ya majani. Zingine ni za wageni.