Lami ya Mama Limi

Lori la mchele lilipozama mpaka ekseli katika yadi ya Mama Limi, pale Segese, watu walishika viuno wakasikitika. Valerian peke yake alitabasamu. Kufa kufaana, na matope nayo yana wenyewe.

Alikuwa ametokea Iringa mwezi uliopita. Zamani aliwahi kushika koleo kwa mkandarasi mmoja wa barabara, akafukuzwa kwa kuuza dizeli, na kofia ngumu ya manjano akasahau kuirudisha. Tangu hapo kila aliposhuka basi alishuka injinia.

Mama Limi alikuwa mjane mwenye yadi ya kulaza malori. Kila mvua iliponyesha madereva walimkimbia wakalala Kahama, na yadi ikifa, gesti yake nayo inakufa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Wewe ni wa serikali?"

"Mimi ni wa lami," alisema Valerian, akachuchumaa na kuyafinya matope kama daktari. "Adui wa lami si lori, mama. Ni maji. Watu wanaona juu kweusi kunang'aa, wanapiga makofi. Lami ni shuka tu, kitanda ni tabaka la chini. Unachimba mtaro maji yatoke, unamwaga changarawe, unashindilia, unamwaga tena, unashindilia tena. Ukiruka hatua moja, masika yanakuumbua."

Yote hayo yalikuwa kweli tupu. Uhodari wake ulikuwa hapo: hakuwahi kudanganya juu ya kazi, ila hakuwa na nia ya kuifanya.

Malipo aliyotaka ni lile Fuso kuukuu lililosimama uani tangu Baba Limi alipofariki. Alishapanga. Atamwaga tabaka la chini, atachukua gari, kisha atakwenda Mwanza kufuata lami. Mwanza ni mji mzuri sana wa kufuata vitu visivyorudi.

"Na changarawe utatoa wapi?" aliuliza Mama Limi.

Valerian alikuwa na kiwanja nyuma ya soko, alichomla mchimbaji mmoja, Chacha, kwenye karata. Kiwanjani palikuwa na kilima cha mchanga wa kijivu, laini kama unga, kisichomwachia hata nafasi ya kujenga kibanda. Chacha aliondoka amenuna bila kueleza lolote, na Valerian hakuuliza. Mjanja akianza kuuliza maswali, watu watajua ni mgeni.

"Ninayo, nyuma ya soko. Maalumu kwa barabara."

Dorah, aliyekuwa akikaanga maandazi pembeni, aliacha moja likaungua.

"Ile ya kijivu?" aliuliza Mama Limi polepole.

"Hiyo hiyo. Yote nakumwagia, sibakizi."

Mama Limi alijifunga kanga upya. "Fuso utachukua. Ila tuelewane mbele ya Dorah. Marudio yatakuwa yangu?"

Valerian nusura acheke. Kwa watu wa barabara, marudio ni kazi iliyoharibika ikafanywa upya, na gharama yake imewafilisi wakandarasi wengi wenye suti. Leo mteja anaomba mwenyewe kuibeba.

"Marudio yote ni yako, mama. Sitakugusia hata siku moja."

"Wabeja, mwanangu," Mama Limi alishukuru kwa Kisukuma, na macho yake yakalowa kidogo.

Akanunua betri na dizeli, Fuso likawaka, Valerian akaanza kusomba. Mama Limi alimsimamia kutwa.

"Ongeza. Si ulisema kitanda ndicho muhimu? Na pale kiwanjani fagia, usiache hata chembe."

Valerian alifagia. Alipotaka kushindilia kidogo, japo kwa heshima ya ufundi, mama alimzuia. "Acha hivyo hivyo. Wewe kafuate lami." Akaondoka akipunga kofia, na vumbi la Fuso lilikuwa halijatua wakati maturubai yalipotandazwa juu ya mchanga.

Masika yaliyofuata alikuwa akipeleka mpunga Geita, Fuso likaanza kukohoa karibu na Segese, na mvua ikamkuta. Aliingia yadini akiwa ameandaa uongo mzuri kuhusu Mwanza. Hakupata pa kuutumia. Yadi nzima ilikuwa lami, mitaro pande zote, maji yanakimbia bila kutuama hata kwenye kona. Alishuka akaigusa. Lami ya kweli, imeshindiliwa ikashindilika.

"Pesa alitoa wapi?" alimuuliza Dorah.

"Kwenye marudio yako."

"Marudio gani?"

Dorah alimtazama kwa huruma. "Mchanga ukishaoshwa dhahabu mara ya kwanza, ndani hubaki nyingine. Huo ndio marudio. Unapelekwa plant, kiwandani, unachenjuliwa kwa dawa mpaka dhahabu itoke. Ya Chacha kila mtu hapa aliyamezea mate, ila nani angethubutu kukuuliza bei? Ungezinduka."

Valerian alikaa juu ya ndoo. Alikuwa amelala jirani na utajiri, akausomba mwenyewe, akafagia na masalia.

Mama Limi alitokea na mwavuli. "Karibu, injinia."

"Mama, umenidhulumu."

"Nilikuuliza mbele ya shahidi. Tena nakushukuru, maana mkandarasi alitaka kuruka mitaro nikamkatalia kwa maneno yako yale yale." Akainama kuchungulia chini ya Fuso. "Linavuja oili?"

"Kidogo tu."

"Oili inaifanya nini lami?"

Valerian alitafuta uongo, akakosa. "Inailainisha, mama. Halafu inamomonyoka."

"Basi toa gari nje. Ila kwanza hilo tone."

Akampa tambara na sabuni ya unga. Valerian akapiga magoti kwenye mvua akasugua mpaka pakatakata, na hiyo ndiyo kazi ya kwanza ya barabara aliyowahi kuimaliza.