Gitaa Lililohojiwa Peke Yake

Fursa hakuwahi kuiba maishani mwake. Watu walimpa tu vitu vyao, naye alikuwa na adabu ya kutokataa. Siku alipopita nyuma ya gereji akasikia bendi ya roki ikiilaani kampuni iliyopora nyimbo zao zote na kuwaachia magitaa tu, alisimama. Hilo neno magitaa lilimgusa moyo.

Kesho yake alirudi na kamera ya kuazima, akisema anatengeneza filamu kuhusu masaibu ya wanamuziki.

"Malipo sina," alisema kwa huzuni ya kitaalamu, "ila mji mzima utawajua."

Mwimbaji, mama wa makamo mwenye sauti ya kukwaruza, alilia mbele ya kamera. Mumewe, mpiga ngoma, alionyesha maboksi ya sidii ambazo kampuni ilishindwa kuuza ikawarudishia. Wifi yake mwimbaji naye alirekodi yote kwa simu, kumbukumbu ya familia. Fursa alifuta machozi, na tusimwonee, machache yalikuwa ya kweli.

Siku ya pili akatoa ombi.

"Gitaa nalo lina machungu yake. Inabidi lihojiwe peke yake, studio. Mkiwepo litaona haya."

Wakatazamana. Mumewe mwimbaji akaomba wayaage kwanza magitaa yao mawili. Mlango ukafungwa, na Fursa akangoja nje, kofia mkononi, kama aliyekuja msibani. Kisha wakamkabidhi makasha mawili mazito, akayabeba huku jasho likimtoka hadi kwa muuza vitu vya mitumba.

Muuzaji alifungua. Ndani hamkuwa na gitaa hata moja, ila sidii zimepangwa vizuri, kila moja ina picha ya bendi ikicheka.

"Kaka, geuka kidogo," ilisema sauti mlangoni. Ni wifi mtu, simu juu. "Nipate uso. Na siku nyingine uondoe kifuniko cha lenzi. Siku mbili umetuhoji nacho."

Filamu ya wifi ilijaza ukumbi wiki nzima, na bendi ikaanza kuitwa kila mahali. Fursa, kwa upande wake, hakuweza tena kumsalimia mtu bila mtu huyo kukumbatia mkoba wake. Njaa ilipombana alikwenda gereji kudai haki yake. Nusu ya filamu ni yeye, alisema, na bila yeye wangeonyesha nini?

Mwimbaji alimkaribisha kiti, akammiminia chai, akamtazama kwa huzuni ya kitaalamu.

"Malipo hatuna, mdogo wangu," alisema. "Ila mji mzima unakujua."