Kinara cha Usharika wa Nuru

Inatangazwa kwa washarika wote, walio moto, walio baridi na ambao bado hawajapimwa, kwamba kuanzia Jumatatu ijayo joto la kiroho katika mwambao wetu wa ziwa litapimwa kwa fomu. Msharika atakayejihisi amepoa atoe taarifa ofisini mapema, saa za kazi, ili kuepusha usumbufu.

Gervasi aliliandika tangazo hilo mwenyewe na akalisoma mwenyewe, mara mbili, mara ya pili kwa faida ya wale waliokuwa wameshalisikia. Alikuwa katibu wa Kamati ya Kupima Joto la Kiroho. Kabla ya hapo alikuwa amekaa miaka thelathini kwenye mizani ya stesheni, Kigoma, akipima madebe ya mawese, magunia ya dagaa na masanduku ya watu wanaohama, na kazi hiyo ilimfundisha mambo mawili: mizani haina mjomba, na mzigo usio na lebo hausafiri. Alipostaafu akaingia kwenye utumishi wa Usharika wa Nuru, Buzebazeba, na mambo yake yote mawili.

Chanzo cha kamati kilikuwa mahubiri. Mwaka ule wa tisini na sita, Askofu alikuja akahubiri habari za makanisa saba ya Ufunuo: lile lililouacha upendo wake wa kwanza, lile lililosifika kuwa hai kumbe limekufa, lile lenye nguvu kidogo lakini mlango wake u wazi, na lile la Laodikia, si moto wala baridi, lililojiona tajiri huku halioni uchi wake. Akatoa karabai jipya kwa kila usharika katika sharika zetu saba, kutoka Kagunga hadi Ujiji, liwe kinara chake. Akatuambia tujipime wenyewe, maana kinara huweza kuondolewa mahali pake. Watu wengi walilia siku ile. Gervasi alitoa kalamu.

Karabai letu sisi wa Nuru tuliliweka karibu na mimbari, juu ya kitambaa kilichofumwa, na hatukuliwasha hata siku moja. Kuwasha kunachakaza. Kila Jumamosi Gervasi alilifuta kwa kitambaa laini mpaka ukaweza kujitazama humo na kuchana nywele.

Fomu ilikuwa na maswali saba. Swali la kwanza liliuliza kama upendo wa kwanza bado upo, na kama umeachwa, itajwe tarehe. La tatu liliuliza kama kanisa linasifika kuwa hai, na likaomba sifa hizo ziambatanishwe. La sita: mlango wa kanisa unaweza kufungwa na mtu? Taja jina na cheo. La saba: kuna anayebisha nje? Kama yupo, amefunguliwa? Kanisa ambalo hakuna awezaye kuufunga mlango wake lingeitwa Filadelfia na halingepewa onyo. Kanisa lenye mtu anayebisha nje bila kufunguliwa lingeitwa Laodikia, vuguvugu, na kinara chake kingehamishiwa kwa Filadelfia.

Verediana, muuza samaki aina ya mgebuka pale Kibirizi na mwanamke pekee katika kamati, alisema anavyokumbuka yeye, walioonywa kuondolewa kinara ni Waefeso, si Walaodikia. Gervasi alimweleza kwa upole kwamba adhabu zimeunganishwa kwa ajili ya ufanisi. Halafu akasoma kifungu cha nyongeza alichokipenda kuliko vyote: msharika wa kanisa vuguvugu asishiriki Meza ya Bwana popote pale, ila kwa barua kutoka kanisa lenye mlango wazi. Kilipita bila mjadala. Kila mjumbe alikuwa na majirani akilini.

Kazi ilianza vizuri, ikakwama Kagunga. Usharika wa huko ulijibu kwa salamu nyingi na masikitiko. Watu wanaovuka kutoka Burundi walikuwa wakilala hadi chini ya mimbari, kuni zilikuwa zimelowa, na fomu zote hamsini zilitumika kuwashia moto wa uji. Kamati ilikaa saa nne nzima. Mwishowe Kagunga ikaondolewa kwenye zoezi kwa matumizi mabaya ya nyaraka, na kwenye safu ya "Je, kuna moto?" Gervasi akaandika: Haijathibitika.

Basi zikabaki sharika sita, na Mchungaji Pastory, mwenyekiti wa kamati, akasema sita haiwezekani. Ufunuo ni saba. Alikuwa mtu wa sauti nzito na koti zito, na alipotamka namba, namba ilikaa. Verediana akasema kuna kanisa pale nyuma ya viwanja vya mpira, kwenye kituo cha muda cha wakimbizi, watu kama mia hivi, wanasali chini ya turubai. Mchungaji alisema lile si kanisa, ni mkusanyiko. Lakini muda ulikuwa mfupi na Askofu alikuwa njiani, kwa hiyo mkusanyiko ukapandishwa daraja kuwa kanisa kwa siku kumi na nne.

Gervasi alikwenda Alhamisi na fomu, lebo na kikombe chake mwenyewe. Alipokewa na mzee mrefu aitwaye Nkeshimana, mvuvi wa dagaa wa upande wa Rumonge, Burundi, aliyekuwa mzee wa kanisa kwao kwa miaka ishirini na sita. Binti yake, Tuyizere, alileta ndoo akaigeuza iwe kiti cha mgeni, akasema, "Kaze, Mzee," yaani karibu. Gervasi akakaa juu ya ndoo kwa heshima zote za ofisi yake.

Upendo wa kwanza? Mzee alisema upo, ila umechoka kwa safari. Sifa za kuwa hai? Alisema bado hawajapata mtu wa kuwasifu. Mlango? Nkeshimana aligeuka akalitazama turubai. Lilikuwa limefungwa kwenye miti minne na upepo wa ziwa uliingia upande wowote uliotaka.

"Mlango hatuna," alisema.

"Nani mwenye mamlaka ya kuufunga?"

"Usiokuwepo?"

Gervasi alifikiri, akaandika: Hakuna awezaye kuufunga. Aliposoma alichoandika alipata ubaridi mgongoni, akadhani ni upepo.

Alipokuwa akifunga kalamu, mzee aliomba jambo moja. Jumatatu malori yangekuja kuwachukua kwenda kambini, huko mbali na ziwa, na huko hakujua kama angemkuta mchungaji. Tangu wakimbie hajaishika Meza ya Bwana. Jumapili Usharika wa Nuru unaiandaa. Aliomba yeye na watu wake washiriki kabla ya kuondoka.

Gervasi alisema hilo ni jambo jema kabisa, na linahitaji barua ya utambulisho kutoka kwa mchungaji wao.

"Mchungaji wetu Calixte alitusukumia boti majini," alisema Nkeshimana. "Boti ilikuwa imejaa. Yeye alibaki ufukweni. Barua angeandika saa ngapi?"

Gervasi alisema atalifikisha panapohusika. Palipohusika palikuwa yeye mwenyewe. Alirudi nyumbani kwa miguu, na uji wa nyumbani kwake siku ile ulimshinda.

Ijumaa ilikuwa zamu ya kuupima Usharika wa Nuru. Sisi hatukuwa na wasiwasi. Kwaya ilikuwa na sare, bati halivuji, vikao vinafanyika na mihtasari ipo. Gervasi alijaza maswali matano ya mwanzo kwa mwandiko wa kupendeza. Swali la sita, la mlango, lilijibiwa na Bariki, mlinzi wa mlango, kwa fahari: mlango unafungwa na yeye, saa tatu kamili, kwa komeo mbili, kwa ajili ya nidhamu. Anayechelewa hufunguliwa iwapo atapitisha barua chini ya mlango.

"Na wasio na barua?"

"Hao nawaandika." Bariki akatoa Daftari la Wabishaji.

Gervasi hakujua kwamba daftari hilo lipo. Alilifungua. Jumapili tatu mfululizo, mwandiko uleule: Nkeshimana na binti yake na wenzao, wamebisha, hawana barua, wameondoka baada ya wimbo wa tatu. Bariki alieleza kwamba kule kituoni huhesabiwa kwanza ndipo waruhusiwe kutoka, na hesabu huisha saa tatu. Walibisha kwa adabu tu, hawakupiga kelele. Ila ilibidi kumwambia mwalimu wa kwaya apandishe sauti.

Gervasi akazikumbuka Jumapili hizo. Alikuwa amekaa kiti cha mbele. Aliusikia mlango, naye alikuwa ameimba kwa nguvu kuliko wote, na baada ya ibada akapongezwa kwa sauti yake ya besi.

Aliipeleka fomu kwa Mchungaji Pastory ikiwa na jibu la swali la saba: Yupo. Hajafunguliwa. Mchungaji aliisoma akiwa amesimama, kisha akakaa.

"Katibu, peni hii haifutiki?"

"Inafutika, Mchungaji."

"Basi?"

Ndugu zangu, Gervasi alitaka lile karabai libaki kwetu. Alilitaka kama mtu anavyotaka jina lake lisomwe mbele za watu. Zaidi ya hapo alikuwa amekwisha agiza fremu ya cheti cha Filadelfia. Lakini miaka thelathini alikuwa hajauegemeza mkono kwenye mizani, hata siku ile mkubwa mmoja alipotaka kupitisha masanduku ya mkewe, na aligundua, kwa huzuni kubwa, kwamba hajui jinsi inavyofanyika.

"Mizani haina mjomba," alisema, akaiacha fomu ilivyo.

Jumapili Askofu alikuja. Alikuwa mtu mdogo, mwenye viatu vya vumbi, asiyependa hotuba za watu wengine. Gervasi alisoma matokeo mbele ya usharika wote kwa lugha ya kitaalamu, akitumaini kwamba hakuna atakayeelewa. Hali ya joto ya Usharika wa Nuru imebainika kuwa ya wastani wenye mwelekeo wa uvuguvugu, alisema. Kanisa la turubai halikukutwa na kasoro ya mlango.

"Kwa hiyo Laodikia ni nani?" aliuliza Askofu.

Bariki alitazama komeo zake.

"Ni sisi, Baba Askofu," alisema Gervasi.

"Na fomu inasema kinara kiende wapi?"

"Kwenye turubai."

"Basi kiende leo. Na Meza iende pamoja nacho, hamtaila hapa gizani bila kinara." Akamgeukia Mchungaji Pastory. "Wewe utaibeba."

Ilikuwa karibu saa kumi na mbili jioni walipofika nyuma ya viwanja: Gervasi mbele, karabai kichwani, na Mchungaji Pastory nyuma yake akiwa na sinia la mkate na kikombe, koti lake zito limefungwa vifungo vyote. Njia nzima watoto waliwafuata wakidhani ni harusi.

Chini ya turubai watu walikuwa wanaimba polepole. Mizigo yao ilikuwa imefungwa tayari, kila mmoja na lebo yake. Gervasi alisimama, akakunja ngumi, akainua mkono, na mkono ukabaki hewani. Alitafuta pa kubisha. Alienda upande wa kulia, akarudi wa kushoto. Miaka yote alikuwa upande wa ndani wa milango, na sasa yuko nje ya mahali pasipo na mlango na hajui kuingia.

"Mzee Gervasi," aliita Nkeshimana kutoka ndani, "mbona umesimama huko?"

Gervasi akaeleza. Alieleza kwa urefu, akitaja vifungu. Kinara ni chenu. Meza ni yenu, Askofu ametuma. Sisi tuliokileta kinara tumebainika kuwa vuguvugu, na kwa mujibu wa kifungu cha nyongeza, nilichokiandika mimi, hatuwezi kushiriki ila kwa barua kutoka kanisa lenye mlango wazi. Alipofika hapo akakohoa.

"Nani ataiandika?" aliuliza Nkeshimana.

"Wewe, Mzee."

Nkeshimana hakucheka, ingawa Tuyizere alijifunika mdomo kwa khanga. Mzee aliomba karatasi. Gervasi alikuwa nazo nyingi, akampa fomu, upande wa nyuma. Giza lilikuwa linaingia, kwa hiyo Tuyizere alilichukua karabai, akalitia mafuta na spiriti, akaliwasha, akapampu kama alivyokuwa akimpampia baba yake kila walipokwenda kuvua. Lilitoa moshi kwanza, likachafua kioo chake kizuri, kisha likashika, na nyuso zote chini ya turubai zikaonekana. Gervasi hakuwahi kuliona likiwaka. Macho yalimjaa machozi, na safari hii hakusingizia upepo.

Mzee aliandika taratibu. Ndipo Mchungaji Pastory akasogea, sinia mikononi, na akasema kwa sauti ambayo hatukujua kwamba anayo.

"Mzee, kama nafasi ipo, niandike na mimi."

"Ipo," alisema Nkeshimana, akaandika. Barua yote ilikuwa mistari miwili: Gervasi na Pastory wamekuja. Tunawajua, tulisikia wanavyoimba.

Gervasi aliisoma mara mbili. Kisha, kwa mazoea tu, maana mtu hawezi kupona siku moja, akauliza habari ya mhuri.

Nkeshimana alipaka dole gumba masizi ya karabai, akalibandika chini ya maandishi. Halafu akasogeza mzigo wake ili wageni wapate pa kukaa.