Kiwanja cha Mita Moja na Ishirini

Saa mbili asubuhi, siku ya Jumatatu, wanaume wawili walikuwa wamesimama kila mmoja mlangoni kwake wakigombea kichochoro. Ugomvi wa ardhi ni jambo la kawaida mjini. Huu ulikuwa na tofauti moja: kila mmoja alishikilia kwamba kichochoro ni cha mwenzake.

Mmoja alikuwa mwokaji mikate. Wa pili alikuwa seremala wa majeneza, aliyemwoa dada wa mwokaji. Kati ya kuta zao palikuwa na upenyo wa mita moja na ishirini, na chini ya upenyo huo bomba la maji machafu lililopasuka. Afisa wa manispaa alikuwa ameshabandika tangazo mlangoni: bomba lisipobadilishwa kabla ya Ijumaa adhuhuri, bekari inafungwa. Kuhusu majeneza hakusema kitu, kwa kuwa wateja wa huko hawakuwa wamelalamika.

"Kiwanja changu kinaishia ukutani," alisema mwokaji. "Bomba ni lako, shemeji."

"Na changu kinaishia ukutani," alisema seremala. "Bomba ni la mwenye harufu yake."

Maneno hayo yalisikiwa na mteja mmoja aliyekuwa akingojea chenji. Aliitwa Mhandisi. Hakuwa mhandisi, bali alikuwa na kofia ngumu ya manjano, aliyoiokota kwenye jengo lililokuwa likibomolewa, na alikuwa amegundua kwamba mtu mwenye kofia ya namna hiyo haombwi cheti. Aliingia kichochoroni kwa mwendo wa mtu aliyetumwa na serikali. Katikati palikuwa na kopo kuukuu la rangi. Alilisogeza, akaona chini yake jiwe la mpaka, lile la zege ambalo wapima ardhi hulichimbia mahali viwanja viwili vinapokutana. Kila shemeji alikuwa anamiliki nusu ya kichochoro, na wote wawili walikuwa wanaikana mbele ya mtaa mzima.

Mhandisi alirudisha kopo mahali pake. Alikwisha kuuza vitu vingi visivyo vyake, lakini hakuwa amewahi kupata nafasi ya kumuuzia mtu mali ya mtu huyohuyo.

Jumanne alimtembelea mwokaji. Alimweleza kwamba mji hauangalii utajiri wa mtu wala ukoo wake, unaangalia upana wa kiwanja upande wa barabarani. Kiwanja cha mita kumi na tano kinaruhusiwa ghorofa nne. Kikipungua hata kwa unene wa kidole, mbili tu. Alitoa futi kamba, akapima kutoka ukuta hadi ukuta. Mita kumi na nne na sentimita arobaini.

Mwokaji, ambaye alikuwa na ndoto ya ghorofa nne tangu shemeji yake alipoanza kuzungumzia ghorofa tatu, alikaa juu ya gunia la unga.

"Umebakiza sentimita sitini," alisema Mhandisi kwa huruma. "Umekuwa kama mtu aliyefika harusini kwake akakumbuka hajachumbia. Bahati nzuri kichochoro kina mwenyewe, na mwenyewe ndiye mimi. Alikinunua marehemu baba yangu mdogo. Alikuwa mtu mwembamba, alinunua kulingana na umbo."

Mwokaji aliuliza kama shemeji yake anajua.

"Akijua, atakuwahi."

Fedha za kishika uchumba zilitolewa hapohapo, zikiwa bado na unga. Jumatano hotuba hiyohiyo, pamoja na harusi na baba mdogo, ilitolewa katika karakana ya majeneza, ambako kiwanja nacho kilikutwa kina mita kumi na nne na arobaini. Seremala naye alilipa, na yeye ndiye aliyeomba jambo hilo lifanywe siri.

Siri ilikaa hadi jioni. Mke wa seremala, ndiye huyo dada wa mwokaji, na ndiye aliyekanda unga wa bekari kila alfajiri, alisimuliwa mara mbili: na kaka yake kwa sharti asimwambie mumewe, na mumewe kwa sharti asimwambie kaka yake. Alitimiza masharti yote mawili. Kisha akaenda manispaa.

Alhamisi Mhandisi aliitwa kuja kupokea malipo yaliyobaki. Alimkuta mwokaji kichochoroni na seremala nyuma yake, kila mmoja akishangaa mwenzake anafanya nini pale, na kati yao afisa wa manispaa, aliyesimamia vipimo vya majengo na, kwa uhaba wa watumishi, maji machafu pia.

"Bwana afisa," alisema dada, "mwenye kichochoro ndiye huyu."

Mhandisi aliweka mguu wake juu ya kopo la rangi. Akikubali, ana kiwanja. Akikataa, ana fedha za watu wawili mfukoni na hana la kuwaeleza. Kichochoro kilikuwa na njia moja ya kutokea, na njiani alisimama seremala, ambaye kwa mazoea tu alikuwa akimkadiria urefu kwa macho.

"Ni changu," alisema. "Tangu enzi za baba mdogo."

"Tumekutafuta sana," alisema afisa, akakunjua futi kamba. Alipima upenyo, akapata mita moja na ishirini. Alieleza kwamba jengo lolote sharti liache mita moja na nusu kila upande. Alipiga hesabu, akairudia, kwa sababu alikuwa mtu makini.

"Jengo lako linaruhusiwa kuwa na upana wa hasi mita moja na themanini."

"Maana yake nini?"

"Maana yake ukijenga, lisizidi hapo."

"Na ghorofa?"

"Kwa kiwanja chembamba kama hiki, mbili."

Baada ya hapo afisa alifika kwenye bomba. Bomba lililo ndani ya kiwanja ni la mwenye kiwanja, na muda wake unaisha kesho adhuhuri. Mhandisi aligeuka haraka, akajitolea kukabidhi kiwanja chote papo hapo, kwa yeyote, hata kama zawadi. Mwokaji alifungua mdomo. Dada yake alimtangulia.

"Kaka hachukui, na mume wangu hachukui. Kila siku wanasema viwanja vyao vinaishia ukutani. Leo unataka kuwafanya waongo?"

Mashemeji walitazamana. Kwa mara ya kwanza tangu bomba lipasuke, walikubaliana.

Alasiri hiyo Mhandisi alikwenda duka la vifaa vya ujenzi akisindikizwa na mashemeji, mmoja kila upande, na vishika uchumba vyote viwili viligeuka bomba jipya, viungio na gundi. Ijumaa tangu asubuhi alichimba. Ile kofia ya manjano, ambayo haikuwa imewahi kuona kazi tangu ibadili mwenyewe, ilidondokewa na chokaa ya ukuta mara kadhaa na ikamfaa.

Kabla ya adhuhuri afisa alimwaga ndoo mbili za maji, akachungulia, hakuona yakivuja. Alibandua tangazo la kufunga bekari, akamtakia mwenye kiwanja kila la heri, akaondoka.

Dada alikuja na mkate, akauweka juu ya koleo. Halafu akasukuma kopo la rangi kwa ncha ya kiatu mpaka jiwe likaonekana.

"Hili usilitikise," alisema. "Wiki ijayo tunakuja kupimiwa. Kumi na nne na arobaini, ukiongeza sitini yetu, ni kumi na tano. Kila nyumba."

Mhandisi alimtazama kutoka mtaroni. "Ulijua tangu lini, dada?"

"Kopo nililiweka mimi. Nilikuwa namngojea mwenye kiwanja."

Mhandisi alijaza udongo kuzunguka jiwe, akaushindilia vizuri, akarudisha kopo juu yake.