Rudisheni Kikohozi cha Mzee Kemboi

Free Area,
Nakuru.
5 Juni, 1978.

Kwa Meneja,
Kiwanda cha Kuchapa Santuri,
Nairobi.
Kwa mkono wa Bwana Pradeep, duka la redio, Nakuru.

Bwana Meneja,

Naandika mtoto akiwa mgongoni, kwa hivyo mahali mwandiko unaporuka ujue ni yeye amepiga teke, si mimi nimekasirika. Hasira yangu nimeipanga kwa nambari hapo chini ili usipate taabu ya kuitafuta.

Natumaini nyumbani kwako wote ni wazima. Hapa pia hatujambo, isipokuwa mmetuondolea mtu mmoja.

Nieleze kwanza, maana Bwana Pradeep amenionya kwamba watu wa kiwandani hawajui habari za watu wa Molo. Mume wangu Kosgei alikuwa na santuri moja aliyoipenda kuliko viatu vyake. Ni ya wale vijana wanne wa Uingereza wenye nywele ndefu na magitaa ya stima. Aliipata kwa mzungu mmoja wa Molo aliyekuwa akiuza vyombo vyake arudi kwao. Ilikuwa ya zamani, ile chapa ya kwanza kabisa ya mwaka 1968. Upande wa pili, wimbo wa pili ukiisha, kabla gitaa la wimbo wa tatu halijaanza, kuna mtu anakohoa. Anakohoa mara mbili kwa ufupi, ananyamaza kama mtu anayetafuta ufunguo mfukoni, halafu anakohoa kimoja kirefu cha kumalizia.

Miezi mitano iliyopita nilijifungua mtoto wa kiume. Kwetu, mtoto akizaliwa, akina mama hukaa naye na kumwitia majina ya watu wa ukoo waliotangulia, moja baada ya jingine, mpaka apige chafya. Jina analolipigia chafya ndilo lake, maana huyo ndiye aliyerudi. Siku hiyo mama mkwe wangu, ambaye sote tunamwita Kogo kwa kuwa ndiye nyanya wa nyumba, aliita ukoo mzima. Mtoto kimya. Akaita na wale ambao hatuwataji mbele ya wageni. Mtoto anamtazama tu. Wakati huo Kosgei na mdogo wake Jonah walikuwa sebuleni na santuri yao, kwa sababu mambo haya ni ya wanawake. Yule mtu wa upande wa pili akakohoa, na mtoto akapiga chafya mpaka kofia ikamtoka kichwani.

Kogo alisimama wima. Akasema, "Huyo ni Kemboi! Nimelala kando ya hicho kikohozi tangu nilipoolewa, sasa nani atanidanganya?"

Mzee Kemboi ni marehemu mume wake, baba yake Kosgei. Alifanya kazi katika nyumba ya kukaushia pareto huko Molo, na vumbi la yale maua likamkaa kifuani hata watu wakawa wanamjua kabla hajafika kwenye kona. Nilimkuta kwa mwaka mmoja tu, lakini naomba ujue alikuwa mtu wa namna gani. Chai ya kwanza niliyopika katika nyumba yao iliungua. Watu wote walitazama vikombe vyao kama waliotiliwa dawa ya kupe. Mzee alikunywa yake yote, akakohoa, akaomba nyingine. Basi mtoto alipokuwa Kemboi, aliyefurahi kuliko wote ni mimi.

Tangu siku hiyo, mtoto akilia, tunaweka sindano mahali pale, mzee anakohoa, mtoto ananyamaza, nami napata kufua. Hivyo ndivyo tulivyoishi kwa amani mpaka mwezi jana, Jonah alipotoa ugali jikoni na kuweka sufuria ya moto juu ya santuri. Nilipopiga kelele akanijibu, "Sasa shemeji, si hiki ndicho kile kitu cha kuwekea sufuria?" Ilikuwa imejikunja kama kofia ya mama wa kanisa.

Tukaenda kwa Bwana Pradeep. Akatuletea hiyo yenu mpya: picha ileile, nyimbo zilezile, ila ina karatasi ya rangi ya dhahabu inayosema imechapwa upya kwa wale wanaojua kusikiliza. Bwana Pradeep alikuwa na furaha kama aliyeichapa yeye. Akasema, "Mama, hii si kama ile yenu. Hii wameosha sauti yote! Hata kuna mtu alikuwa anakohoa pale upande wa pili. Wamemtoa kabisa. Safi!"

Bwana Meneja, nilishika kaunta.

Haya sasa ndiyo malalamiko yangu. Nimezisikiliza zote mbili, ile ya zamani kwa miezi na hii yenu kwa uchungu, kwa hivyo sisemi kwa kukisia.

1. Santuri ya zamani ilikuwa inaanza na mlio kama wa mafuta yakichemka kwenye karai. Mlio huo ulikuwa na kazi yake. Ulimwambia mtu akae, aweke kikombe chini, muziki unakuja. Yenu inaanza na kimya kitupu, halafu ghafla kijana wa Uingereza anapaza sauti karibu na sikio. Siku ya kwanza Kogo alimjibu, "Abee!"

2. Ngoma. Katika ile ya zamani ngoma zilikuwa mbali, kama jirani anayepasua kuni, na mtu hamkatazi jirani kupasua kuni. Katika hii yenu ziko chini ya meza. Paka wetu amehama. Tena vinasikika hadi vidole vya mpiga gitaa vikikwaruza nyuzi, na Kogo ameuliza mara nyingi ni nani anayekuna upele wakati watu wengine wanaimba. Ile ya zamani ilijua kumsitiri mtu.

3. Hili linanisumbua kama mama. Zamani wale vijana wanne walikuwa wakiimba kutoka mahali pamoja, kama ndugu. Bwana Pradeep akasema hii mpya inahitaji spika mbili, na Jonah akaleta spika ya pili iwe faini yake ya sufuria. Kumbe mmewatenganisha! Wawili wako upande wa dirishani, wawili upande wa kabati, na hawasemezani mpaka kiitikio. Kogo aliuliza waligombania nini. Sasa wimbo ukianza anabeba kigoda chake na kukaa katikati awapatanishe, na mimi nabaki na chakula jikoni bila mtu wa kunishikia mtoto.

4. Kikohozi. Nimeliweka la nne ili uwe umeshakaa chini.

Mmemtoa mzee. Pale alipokuwa pana kimya kilichopigwa pasi. Tulipoweka sindano mahali pale mara ya kwanza, mtoto alingoja, akatazama spika ya dirishani, akatazama ya kabati, halafu akalia kilio ambacho sijakisikia tangu azaliwe. Kogo aliinuka akaenda nje kusimama kando ya kamba ya nguo. Aliporudi akasema mzee amefukuzwa, na kama amefukuzwa, basi mtoto huyu hana jina.

Utaniuliza Mzee Kemboi alifikaje Uingereza kukohoa kwenye santuri. Hilo Kosgei pia aliuliza, na mimi nikamjibu hivi. Pareto aliyoikausha mzee ilitoka Molo, ikaja Nakuru, ikapanda meli kwenda Uingereza kwa magunia. Hakuna aliyeuliza vumbi lile lilifuatana na nani. Ikiwa maua yake yalifika yakaua mbu wao na viroboto vyao, ni ajabu gani kikohozi chake kikifika? Sisemi mzee alisafiri. Nasema kikohozi kilisafiri. Mume wangu akasema hajawahi kuoa mwanamke mwingine na sasa anaona sababu.

5. Tumejaribu kuziba pengo lenu kwa nguvu zetu wenyewe. Kosgei alikohoa, mtoto akamtazama kwa huruma. Jonah alikohoa, mtoto akacheka, na hilo si jambo la kuchekesha. Nilimwomba Bwana Pradeep akohoe, akakubali kwa moyo mweupe, lakini alikohoa kama mwenye duka anayetaka mteja aache kugusa kitambaa. Mimi mwenyewe nimekohoa mpaka jirani akaniletea dawa ya kifua. Kikohozi cha pareto hakiigizwi. Mtu hukipata kwa kukaa kwenye vumbi lake mpaka nywele zigeuke mvi, naye hakatai kazi kwa sababu kuna watoto.

6. Sasa nafika penye moto. Jumamosi shangazi zake Kosgei wanakuja kutoka Molo, na mtoto ataitiwa majina upya. Kogo ameshasema jina litakaloitwa kwanza ni la baba mdogo wa Kosgei, marehemu Mzee Chumo. Huyu Mzee Chumo alimpeleka ng'ombe wa jirani kwa chifu kwa kosa la kumtazama vibaya, na ng'ombe alipoachiliwa, yeye akakata rufaa. Hakualikwa kwenye harusi yoyote, na alizihudhuria zote. Mtoto wangu ana mafua tangu jana. Atapiga chafya kwa jina lolote litakaloitwa la kwanza, hata kama ni jina la mchungaji. Kwa hivyo, Bwana Meneja, ninyi mnaosafisha nyimbo huko Nairobi mmenifikisha mahali ambapo Jumamosi naweza kulala nikiwa mama wa mtoto mpole na kuamka nikiwa mama yake Chumo.

7. Na nauliza kwa heshima: mkishamaliza kikohozi mtasafisha nini? Nyumba hii ina mlango unaolia, bati linalogonga upepo ukija, na mume anayekoroma. Kwa sauti hizo najua kila mtu yuko wapi hata nikiwa nimefumba macho kwa uchovu. Siku mtakapokuja kunichapia nyumba upya, nitaamka kwenye kimya na kudhani wote wamekufa.

Kwa hayo naomba yafuatayo, na naomba kwa unyenyekevu ingawa sitabadilisha mawazo:

(a) Kikohozi kirudishwe mahali pake, upande wa pili, baina ya wimbo wa pili na wa tatu, kabla ya Jumamosi.

(b) Kama mmekihifadhi, kitumwe peke yake kwenye santuri ndogo. Nyimbo si lazima. Vijana wapumzike.

(c) Kama kimetupwa, tuelezwe kimetupwa wapi, ili Kogo aende na maziwa kidogo azungumze nacho.

(d) Kama hayo yote yatashindikana, tupewe barua yenye mhuri inayosema Mzee Kemboi hakutolewa kwa sababu ya tabia mbaya. Hiyo nitawasomea shangazi mimi mwenyewe, tena kwa sauti.

Mimi si mtu wa ugomvi. Nilisoma mpaka darasa la saba, na najua mnafanya kazi yenu mkidhani mnatusaidia. Lakini mtu anayesafisha kitu cha wenyewe humwita mwenye kitu kwanza, amwonyeshe uchafu ni upi na baba yake ni yupi.

Nisalimie mke wako na watoto, nisalimie wanaopaka gundi majalada, na yule aliyesimamia kuosha sauti mwambie sina chuki naye, ila asifike Free Area wiki hii. Wale vijana wanne ukiwaona waambie wapatane. Kogo pia anawasalimu, wawili wawili.

Ni mimi ninayekingoja,
Bi. Zeddy Kosgei,
mama Kemboi (mpaka Jumamosi).

N.B. Nilikuwa natafuta bahasha ndipo Kogo akaniambia niweke santuri tena, asikie mwenyewe mahali mzee alipotolewa, ili shangazi wakija awaeleze vizuri. Nikaiweka. Wimbo wa pili ukaisha, kikaja kile kimya chenu. Akasema, "Rudisha." Nikarudisha. Akasema niongeze sauti mpaka mwisho, akainama, akaweka sikio kwenye spika ya kabati. Halafu akanishika mkono. Akasema, "Zeddy, hajafukuzwa. Yuko hapo. Anapumua vizuri. Amepona."

Bwana Meneja, mzee alikunywa dawa zote za kifua zinazouzwa kutoka Molo mpaka Nakuru na hakuna iliyomfaa. Kogo amelia, akacheka, akamchukua mtoto, na wote wawili wamelala mbele ya hicho kimya, kila mmoja amefungua mdomo. Ni mara ya kwanza leo nimekaa. Shangazi wametumiwa habari kwamba wasije kwa ajili ya jina, waje kwa ajili ya chai.

Kwa hivyo tafadhali msirudishe kikohozi. Nambari moja mpaka saba uzihesabu kama pongezi. Ila kabla hajalala Kogo aliuliza kama na magoti mnatengeneza. La kwake ni la kushoto, linamsumbua tangu mvua zilipoanza. Yuko tayari kuja huko Nairobi kuimba.