Moyo Upigwe Picha Kabla ya Jumamosi

Jumatatu, 4 Mei

Kifua kimebana tena, nikiwa nimeinamia friji ya mteja. Baba alianguka akinyoa ndevu, moyo ukasimama palepale, akiwa na miaka arobaini na tisa. Mimi Jumamosi natimiza hamsini. Siku tano! Sisi mafundi friji tunajua: bomba likiziba mashine haipigi kelele. Inakaa kimya tu, halafu basi. Lazima moyo wangu uingie kwenye CT-scan kabla ya Jumamosi. Shemeji alifanyiwa mwaka jana na mpaka leo anatuonyesha picha kwenye simu, tena watu wakila.

Jumanne, 5 Mei

Idara ya dharura. Wamenipima umeme wa moyo, wakatoa damu, wakasubiri kwa saa tatu, wakatoa nyingine. Zote safi. Dokta, binti wa rika la mwanangu, akasema kwa hali hii CT-scan haina haja, nipunguze kahawa. Nikamweleza kuhusu mabomba. Akasema moyo si friji. Akauliza kama kuna mtu kwetu aliyewahi kuugua moyo. Nikasema hakuna. Kumtaja baba mle ndani nilishindwa.

Jumatano, 6 Mei

Mkakati mpya. Nimekariri bango la mapokezini: jasho, kichefuchefu, mkono wa kushoto, taya. Ili jasho liwe la kweli, nimekunywa vikombe vitatu vya kahawa nzito, kisha nikapanda ngazi za hospitali mbio, ghorofa nne, mara mbili. Nikamwagia sista dalili zote. Akasema, "Baba, bango umelishika vizuri, umesahau namba ya simu tu." Aibu! Hapo mke wangu, ambaye sikumwalika, akaropoka habari za baba. Dokta akaacha kuandika. Akasema hilo ningelisema jana, akaagiza kipimo. Ushindi!

Wakahesabu mapigo: mia na kumi na nane. Kumbe mashine inataka moyo uliotulia, la sivyo picha inatikisika. Wakanipa vidonge. Moyo haukusikia. Nimelazwa kwa kahawa yangu mwenyewe. Mke amekaa kwenye kiti cha plastiki, kaninunia, lakini mkono wangu hajauachia. Naogopa sana.

Alhamisi, 7 Mei

Mapigo hamsini na nane. Nimeingizwa! Dawa ya mshipani ikateremsha joto mpaka kiunoni, nikajua nimejikojolea. Mpiga picha akasema kila mtu hudhani hivyo. Nilipapasa hata hivyo. Pakavu.

Majibu: mishipa yote ya moyo iko wazi. Ni asidi ya tumbo. Nililia, mke akalia. Nikaomba picha nimtumie shemeji.

Jumamosi, 9 Mei

Nimeamka. Hamsini, na napumua! Shangazi kapiga simu kunipongeza. Nikamuuliza, kwa utani tu, babu alifariki na miaka mingapi. Hamsini na moja! Anasema alianguka kutoka juu ya paa akipigilia bati. Ndivyo wanavyosema. Lakini nani alimpima kabla hajapanda? Kile kilikuwa kizunguzungu, sina shaka. Na mimi tangu asubuhi kichwa chepesi.

Mwaka mmoja tu umebaki! Jumatatu narudi dharura kuulizia CT-scan ya kichwa. Nitasema nimeanguka bafuni. Mke sitamwambia. Akija ataharibu, yule huwa anasema ukweli.