Ratiba Moja Iliyoidhinishwa

Jumatatu moja, saa mbili kamili asubuhi, tangazo lilibandikwa kwenye ubao wa Kitengo cha Uratibu wa Ratiba za Kujisomea, Kanda ya Ziwa Nyasa, ofisi iliyopo Kyela mjini. Lilisema kwamba kuanzia siku hiyo, mwombaji yeyote wa kazi serikalini anayejiandaa na usaili wa maandishi asifungue daftari, kitabu wala simu kwa madhumuni ya kujisomea mpaka ratiba yake iwe imepokelewa, imechambuliwa, imekaguliwa na kuidhinishwa. Chini kulikuwa na mihuri miwili. Mmoja ulikuwa wa Kitengo, na wa pili wa kuthibitisha kwamba ule wa kwanza ni halali.

Aliyetia sahihi ni Ndugu Eliud, Kaimu Mratibu. Ukaimu huo alikuwa nao mwaka wa nne sasa. Kabla ya hapo alikuwa afisa wa majosho katika kata isiyo na josho hata moja, na katika miaka tisa aliyokaa huko hakuna ng'ombe aliyewahi kumlalamikia.

Tangazo halikutoka hewani. Mwaka uliotangulia, vijana mia nne na kumi na wawili kutoka ukanda wa ziwa walikwenda Mbeya kwenye usaili, wakafaulu tisa. Watu wenye haraka walisema ni kwa sababu nafasi zilikuwa chache na waombaji walikuwa kama nzige. Eliud hakuyumbishwa na maneno ya mitaani. Aliunda timu ya wataalamu, timu ikaketi ufukweni Matema kwa siku tano, ikala samaki, ikarudi na jibu: vijana wanasoma kiholela.

"Fikiria," alimwambia Asifiwe, karani wake, mama wa makamo aliyekuwa kazini kwa mkataba wa muda. "Mtu anasoma Sheria ya Utumishi wa Umma huku anapika. Hapo unategemea kitoke nini?"

"Ugali," alisema Asifiwe, akaendelea kuchapa.

Chombo cha kuondoa uholela kilikuwa Fomu Na. RK 4, yenye kurasa kumi na moja, ijazwe nakala tatu. Mwombaji alitakiwa kueleza saa ya kusoma, somo, mahali, aina ya kiti, chanzo cha mwanga, na jina la mtu atakayemwamsha akisinzia. Kisha apate sahihi ya mwenyekiti wa kitongoji, ya mtendaji wa kijiji na ya mtendaji wa kata. Uchambuzi ungechukua siku ishirini na moja za kazi. Usaili ulikuwa baada ya siku kumi na tisa, Jumamosi na Jumapili zikiwemo. Hilo lilikuwa tatizo la kalenda, na Kitengo hakikuwa na mamlaka juu ya kalenda.

Foleni ilianza siku hiyohiyo. Wa kwanza alikuwa Sedekia, kijana wa Kasumulu anayebeba mizigo ya wafanyabiashara pale mpakani na ambaye bibi yake anaishi ng'ambo ya Mto Songwe. Ratiba yake ilikuwa nadhifu, ila vipindi viwili vya Jumapili vilisomeka "kwa bibi".

"Bibi yuko Malawi?" Eliud aliuliza.

"Ndiyo, mkuu. Kule kuna utulivu. Ukivuka daraja tu umefika."

"Kwa hiyo utasomea nje ya nchi."

"Kwa bibi, mkuu."

"Nje ya nchi," Eliud alirudia kwa upole, maana si kila mtu anazielewa sera. "Masomo ya nje yana utaratibu wake na kibali chake. Mimi hapa mkono wangu haufiki." Akagonga mhuri wa IRUDISHWE. Sedekia aliitazama fomu yake kama mtu aliyepewa chenji ya nchi nyingine.

Wa nane siku hiyo alikuwa Atuganile. Alikuwa na shahada ya maendeleo ya jamii iliyokaa mwaka wa tatu ndani ya bahasha, na mama mfinyanzi aliyekuwa akiuza vyungu soko la Lyulilo, kule vyungu vinakofika kwa mitumbwi. Aliondoka nyumbani alfajiri na pindo la gauni lake lilikuwa bado bichi kwa maji ya ziwa.

"Mugonile, tata," alisalimia akikunja magoti kidogo, kama anavyosalimiwa baba wa mtu.

"Ugonile, mwanangu. Leta tuone." Eliud alivaa miwani. "Saa kumi na moja mpaka saa moja asubuhi, Sheria ya Utumishi, huku ukikanda udongo. Saa nne mpaka saa saba, maswali ya miaka iliyopita, sokoni. Jioni, maadili ya utumishi, wakati wa kuchoma vyungu." Aliinua macho. "Mwanangu, hii ni ratiba au ni kilio?"

"Ndiyo muda nilio nao, tata."

"Muda wa kusoma ni saa moja na nusu mpaka saa tisa na nusu, na mapumziko ya chakula katikati. Ndivyo serikali inavyofanya kazi."

"Saa hizo nakuwa nauza vyungu. Tukiacha kuuza hatuli."

"Na kiti? Umeandika 'chungu kikubwa kilichogeuzwa'."

"Kinanibeba vizuri tu."

Eliud alicheka kidogo, kicheko cha mtu anayependa wananchi. Akagonga mhuri. Atuganile aliikusanya karatasi yake taratibu.

"Sasa tata, wakati nasubiri niandike nyingine, naruhusiwa kusoma?"

"Hapana. Huko ndiko kusoma kiholela."

"Na nikisoma moyoni?"

Swali hilo lilimsumbua Eliud mpaka saa ya kwenda nyumbani. Fomu haikuwa na kipengele cha moyo. Alimwagiza Asifiwe aandike dokezo.

Siku ya tano, Kitengo kilifanya ukaguzi wa kushtukiza Lyulilo, baada ya kutuma barua ya kuujulisha uongozi wa soko kwamba watashtukizwa. Eliud alishuka kwenye gari la ofisi na Asifiwe nyuma yake akiwa na kabrasha. Mvua ilikuwa imetoka kunyesha, tope limejaa, akina mama wamefunika samaki kwa majani ya mgomba. Nyuma ya rundo la vyungu alimkuta Atuganile, midomo inachezacheza, daftari limefunguliwa mapajani.

"Unafanya nini?"

"Nauza vyungu, tata."

"Na hilo?"

Mama yake ndiye aliyejibu, mwanamke mwembamba mwenye udongo mpaka kwenye viwiko. "Mwanangu anasoma. Kwani kuna ubaya?"

"Mama, ubaya haupo kwenye kusoma. Ubaya upo kwenye kusoma kabla." Eliud alinyoosha mkono. "Daftari hili linachukuliwa na Kitengo kwa usalama wa mwombaji mwenyewe. Hapa utaweka sahihi ya kukabidhi."

"Ni kazi ya miezi saba hiyo," alisema Atuganile. Hakupaza sauti. Mteja mmoja aliyekuwa akigongagonga chungu kusikiliza kama kina ufa akaacha kugonga.

Mama alitazama karatasi aliyopewa, akatazama kalamu, kisha akakandamiza dole gumba lake la udongo katikati ya ukurasa, juu ya maneno yenyewe, mpaka hayakusomeka. Asifiwe alilitia daftari kwenye kabrasha bila kumtazama mtu. Wakati wa kurudi Eliud alisema kazi imekwenda vizuri. Asifiwe alisema barabara ina mashimo.

Barua ikaja siku tatu baadaye, kutoka juu. Aya yake ya pili ilisema kwamba watumishi wote wanaokaimu nafasi kwa zaidi ya mwaka mmoja watafanya usaili wa maandishi sawa na waombaji wengine, tarehe ileile, mahali palepale. Atakayeshindwa atarudishwa kwenye cheo chake cha awali.

Eliud aliisoma barua akiwa amesimama. Akaketi, akaisoma tena. Akaona josho. Halikuwa josho la kweli, maana hakuwahi kuliona, bali ile ofisi ya kata yenye kalenda ya zamani na kuku wanaoingia na kutoka. Mara ya mwisho kufanya mtihani alikuwa na nywele kichwani.

"Zimebaki siku kumi na mbili, mkuu," alisema Asifiwe. "Si uanze tu?"

"Kuanza bila ratiba?" Eliud alishtuka kweli. "Mimi?"

Akajaza Fomu RK 4. Hakuna binadamu aliyewahi kuijaza vizuri kama yeye. Alitumia rangi nne: bluu ya sheria, kijani ya maadili, nyekundu ya mambo ya jumla, na njano ya mapumziko, na njano ilipendeza mno ikazidi zote. Kwenye kiti aliandika "cha ofisi, chenye magurudumu". Kwenye chanzo cha mwanga aliandika "Serikali". Kazi hiyo ilimchukua siku sita. Kwa kuwa hakuweza kujiidhinishia mwenyewe, Kamati ya Kanda iliitwa kwa dharura. Ilikuwa na watu watatu chini ya mwenyekiti Mzee Ezra, na kwa kawaida iliketi mara moja kila miezi mitatu. Safari hii iliketi siku iliyofuata, ikapitisha ratiba kwa dakika arobaini, chai na maandazi yakiwemo, na Mzee Ezra akaandika pembeni kwa mkono wake: "Mfano wa kuigwa."

Zikabaki siku tano. Hapo ndipo Eliud alipogundua kwamba ratiba anayo, ila kitu cha kusoma hana. Alizunguka ofisini. Alifungua kabati. Ndani kulikuwa na mafaili, mwavuli, na lile daftari la Lyulilo.

Alijiambia kwamba anachambua kielelezo. Lakini kufikia ukurasa wa tatu alikuwa anasoma, na kufikia wa kumi alikuwa anaelewa mambo aliyokuwa akiyatia sahihi kwa miaka minne. Msichana alikuwa ameipanga Sheria yote kwa maswali mafupi, kama mtu anayemweleza mama yake. Pembeni mwa ukurasa wa kumi na mbili, kwa herufi ndogo, alikuwa ameandika: "Leo sielewi kitu. Mama asinione nalia. Rudia."

Eliud alilifunga daftari kwa muda. Akaenda dirishani, akatazama watu wanaoanika kakao kwenye mikeka ng'ambo ya barabara. Angeweza kulirudisha siku hiyohiyo. Gari lilikuwepo, na Lyulilo hakujahama. Kisha saa yake ikalia kwamba kipindi cha njano kimefika, akaenda kula mbalaga, ndizi zake za mchana.

Asubuhi ya usaili, Mbeya, uwanja ulikuwa umejaa vijana wenye suruali zilizopigwa pasi na nyuso za watu wasiolala. Eliud alimtafuta Atuganile akampata karibu na bomba la maji, amesimama na Sedekia. Akamkabidhi daftari kwa mikono miwili.

"Kitengo kimejiridhisha kwamba halina tatizo."

"Leo?"

"Taratibu zimekamilika leo."

Atuganile alilipokea, akaligeuzageuza. "Niliandika lingine, tata. Lote, kwa kumbukumbu. Mama alikuwa ananiuliza maswali, mimi naandika." Akalitia kwenye begi. "Ndaga," alisema, maana mtu akikurudishia kitu chako unashukuru.

Swali la kwanza lilikuwa hili: "Mwananchi amefika ofisini kwako na ombi linalohitaji kushughulikiwa ndani ya siku mbili. Eleza hatua tatu utakazochukua." Eliud alitabasamu. Hili alilijua. Akaanza na hatua ya kumpokea mwananchi, akagawanya mapokezi katika mapokezi ya awali na mapokezi rasmi. Akaunda kamati ndogo. Akatenga siku kumi na nne za maoni ya wadau. Kengele ilipogongwa alikuwa kwenye hatua ya kumi na saba, na mwananchi bado hajaketi. Maswali mengine manne hakuyafungua.

Matokeo yakatoka. Atuganile alipata sabini na mbili, akaitwa kwenye mahojiano, akafaulu, na baada ya wiki kadhaa akapangiwa kazi Rungwe. Sedekia naye alipita, hamsini na nane. Eliud alipata kumi na moja.

Ripoti ya robo mwaka hata hivyo ilipaswa kusomwa, na Eliud hakuwa mtu wa kukwepa ripoti. Alisimama mbele ya Kamati ya Kanda akiwa na michoro ya rangi.

"Fomu zilizopokelewa ni mia tatu themanini na sita," alisoma. "Zilizorudishwa, mia tatu themanini na tano. Waombaji waliofaulu usaili, thelathini na mmoja."

"Thelathini na mmoja!" Mzee Ezra alipiga meza. "Kutoka tisa! Kitengo kinafanya kazi. Sasa kati ya hao, wenye ratiba iliyoidhinishwa ni wangapi?"

"Hakuna, mwenyekiti."

"Hakuna?"

"Iliyoidhinishwa ilikuwa moja tu. Mhusika hakufanikiwa."

Mjumbe mmoja alikohoa. Mzee Ezra aliomba kabrasha, akidhamiria kumjua mzembe aliyepewa kila kitu akashindwa, na zaidi yake, mpumbavu aliyeidhinisha. Alifunua. Akaona rangi nne. Akaona mwandiko wake mwenyewe pembeni. Akafunga kabrasha na kuweka viganja vyote viwili juu yake.

Kamati iliazimia, kwa sauti moja na kwa maslahi ya umma, kwamba Kitengo kivunjwe kuanzia saa hiyo, ripoti isiwe na mwenyewe, na mafaili yake yapelekwe mahali pakavu. Ndugu Eliud alipongezwa kwa mchango wake katika sekta ya mifugo. Wajumbe wakatoka haraka kuliko walivyowahi kutoka, hata maandazi hawakuyagusa.

Ndani walibaki wawili. Asifiwe alikuwa akiandika muhtasari, na mkono wake ukasimama hewani.

"Hapa kwenye mhusika aliyeshindwa," aliuliza, "niandike jina au cheo?"

Eliud alifikiri. Jina lilikuwa la baba yake, na baba yake alikuwa mtu wa heshima kule kijijini Ipyana.

"Andika cheo," alisema.

"Cheo hakipo tena, mkuu," alisema Asifiwe, akasubiri na kalamu yake.